Koti la Sigara

Asubuhi ile sigara ya umeme ilizima mara tatu, na mara ya tatu Bibi aliitukana.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wa jikoni. Alivaa sketi mbili, moja juu ya nyingine, na juu ya sweta alijifunika koti la kazi la mwanawe, lile lenye madoa ya grisi kwenye mikono. Majani ya uani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda. Baridi ya mwaka ule haikuwa na adabu: iliingia bila hodi, ikakaa, na hakuna aliyejua itaondoka lini. Bibi alibana kile kidude kwa midomo, akavuta. Taa yake ndogo ya buluu ikawaka, ikapepesa, ikafa.

"Mpumbavu we," alikiambia. "Umekula umeme usiku kucha, umeshiba, sasa unanisinzilia."

Sebuleni, mke wa mwanawe alisikia kila neno, akaendelea kupiga pasi. Watu walimwita Mama Kijino kwa sababu ya binti yake, aliyepoteza meno mawili ya mbele akabaki na moja la katikati lililokataa kung'oka. Mama Kijino alikuwa fundi cherehani, na sebule ndiyo ilikuwa karakana yake: cherehani dirishani, meza ya pasi katikati, na vitambaa kila mahali ambapo mtu angetamani kukaa. Miezi hiyo alikuwa anashona sare za wauguzi wa zahanati. Ilikuwa kazi aliyoisotea sana, na nguo nyeupe, kama alivyopenda kusema, hunasa harufu upesi kuliko mtoto anavyonasa matusi. Kwa hiyo sheria yake ilikuwa fupi: moshi mwisho mlangoni.

"Lakini huu si moshi, ni mvuke," mumewe alijaribu kumwambia wiki ile ya kwanza mama yake alipohamia kwao.

"Mvuke unatoka kwenye birika. Kinachotoka mdomoni mwa mtu kikanuka ni moshi."

Mumewe akatazama dari. Mwanamume anayeishi na mama yake na mkewe chini ya paa moja huijua dari ya nyumba yake vizuri sana.

Bibi mwenyewe hakubishana. Alikuwa amevuta tumbaku tangu kabla ya kumzaa huyo mwanawe, hadi siku daktari alipoinua picha ya mapafu yake dirishani na kumwambia, "Bibi, humu hakuna tena nafasi ya sigara hata moja. Ukirudi kwenye tumbaku, mwakani hatutaonana." Ndipo mwanawe alipomchukua akae kwake, akamnunulia sigara ya umeme. Daktari aliguna alipoiona. Alisema afadhali hiyo, ila hiyo nayo ni daraja, na darajani watu hupita, hawajengi nyumba. Bibi aliipa jina la filimbi. Dawa yake, yale maji mazito yanayogeuka mvuke, ilikuwa na ladha ya nanaa. "Natamani tumbaku, napewa dawa ya meno," alilalamika, lakini aliivuta, na tangu aingie nyumba ile tumbaku haikugusa midomo yake. Sasa filimbi ilikuwa imegoma, na mkono wake ulikuwa bado unaijua njia ya kwenda kioski.

Alikivuta tena kidude. Safari hii kilitoa kitu, lakini alikohoa na kutema mate.

"Kimeungua," alisema kwa sauti ili asikike ndani. "Kina ladha ya sufuria iliyounguliwa na wali."

Pasi ilipumua mvuke wake ndani, bila mtu kuifukuza.

---

Mwanawe alikuwa fundi friji. Mchana ule, kati ya kazi moja na nyingine, aliipeleka filimbi kwenye duka alikoinunua. Lilikuwa duka dogo la vioo lenye joto zuri, na kijana wa mauzo alikuwa amevaa fulana ya mikono mifupi kana kwamba baridi ni habari ya watu wengine. Kijana aliipangusa filimbi kwa ncha ya fulana, akaivuta. Wingu jeupe la nanaa likajaa mpaka kwenye taa.

"Mzee, mbona inapiga kazi?"

"Nyumbani imegoma."

"Basi ilikuwa imetukumbuka tu." Akamrudishia.

Fundi akarudi nayo nyumbani amefurahi. Asubuhi iliyofuata, pale nje kwenye kiti cha plastiki, filimbi ikapepesa ikazima. Ilikuwa kama mtoto anayelia homa nyumbani, ukimfikisha kwa daktari anacheza na vidole vyake. Fundi akairudisha dukani. Siku hiyo walikuwapo wateja wengine wawili, na mbele yao ikatoa wingu kubwa kuliko la jana.

"Mzee," kijana alisema, akiwatazama wale wateja kwanza, "vepu hii haina ugonjwa. Labda bibi ndiye hana pumzi ya kuivuta."

Wateja wakacheka. Fundi naye akacheka, maana ukichekwa ukacheka na wenzio haiumi sana, lakini alipoingia kwenye pikapu yake masikio yalikuwa yanamwaka. Alikaa pale akiwa ameshika usukani, bila kuwasha gari. Mama yake ndiye aliyekuwa akibeba ndoo mbili za maji na yeye mgongoni, na leo kijana wa fulana anamwambia mama huyo hana pumzi, na yeye anacheka. Alijichukia kidogo. Kisha, kwa kuwa mtu akiumizwa nje hurudi kuuliza maswali nyumbani, aliporudi alimuuliza:

"Mama, hivi unaivuta kwa nguvu?"

Bibi alimgeukia. "Nani kakuambia sina nguvu?"

"Sijasema huna..."

"Umesema. Tena si maneno yako, maneno yako nayajua tangu hujui kuongea. Umetumwa."

"Mama, ni swali tu."

"Basi jibu ni hili: navuta kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Kama hazitoshi, kaninunulie na nyingine."

Mama Kijino alitaka kucheka, akajizuia. Aliinamia pindo la sare na kulitafuta kosa ambalo halikuwapo.

---

Jawabu lilikuja kwa njia ya pikapu. Kila asubuhi ya baridi pikapu ilikataa kuwaka, na kila asubuhi majirani waliisukuma. Jirani wa ng'ambo ya ukuta, mpiga rangi mmoja mwenye sigara isiyotoka pembeni mwa mdomo, ndiye aliyekuwa akisukuma zaidi na kulalamika zaidi.

"Fundi, nunua betri!"

"Betri ni mpya. Ni baridi tu," Fundi alijibu, kama alivyojibu kila siku.

Safari hii aliyasikia maneno yake mwenyewe. Alisimama na mkono kwenye mlango wa gari. Gari lilipowaka hakuondoka; aliliacha likinguruma, akakimbia ndani na viatu vya matope, kosa ambalo siku nyingine lingemgharimu.

"Mama! Filimbi haijafa. Inasikia baridi!"

"Hata mimi naisikia," alisema Bibi.

"Sikiliza. Mle ndani mna betri, kama ya gari lakini ndogo. Betri ikipigwa baridi, nguvu zake zinalala. Na hiyo dawa inakuwa nzito, haipandi vizuri kwenye utambi. Utambi ukikauka unaungua. Ndiyo maana unapata ladha ya kuungua."

"Sufuria ya wali. Nilisema."

"Ulisema. Na dukani kuna joto, ndiyo maana kule ilikuwa inaringa."

Mama Kijino aliisimamisha pasi wima. "Mganga hajigangi," alisema akitabasamu. "Mtu anashinda kichwa ndani ya mafriji ya watu, baridi ya kwake haioni."

Wote wakacheka, hata Bibi. Kijino naye alicheka, akiwa anasubiri soksi zake za shule. Ilikuwa asubuhi njema, ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Sasa nifanyeje?" Bibi aliuliza.

"Iweke kwanza mahali pa joto kabla ya kuivuta. Na ukiingia nayo ikiwa imepoa, usiichaji hapo hapo. Iache kwanza irudi hali yake." Pikapu ikakohoa nje, na Fundi akatoka mbio.

---

Katika nyumba ile palikuwa na mahali pamoja tu pa joto. Jiko lilipoa mara chai ikishachemka, na vyumbani ukuta ulitoa jasho la baridi. Lakini meza ya pasi haikupoa mchana kutwa, na familia nzima ilikuwa na tabia ya kuishi kwayo. Kijino aliweka soksi zake chini ya nguo iliyotoka kupigwa pasi, akazivaa zikiwa moto. Baba yake aliweka glavu. Mama Kijino mwenyewe, akikaa sana kwenye cherehani vidole vikafa ganzi, alikuja kuviingiza katikati ya rundo la sare zilizokunjwa na kufumba macho kidogo. Hakuna aliyewahi kumkatalia mtu kitu pale. Ndiyo maana Bibi hakuomba ruhusa. Mkwewe akiwa amempeleka mtoto shule, aliiviringisha filimbi kwa leso, akaisukuma katikati ya rundo, chini ya sare tatu zilizokuwa bado zinafuka. Juu ya rundo aliirudisha pasi, iliyozimwa lakini bado na moto, kama alivyoikuta, ili pasikae tofauti. Akaenda kunywa chai.

Dawa ile, iliyokuwa imeganda usiku kucha kama asali ya chupa, ilipata joto lote kwa mpigo. Ikalegea, ikatafuta pa kutokea, ikapapata.

Mama Kijino aliporudi alivua koti, akatia pini mdomoni kama kawaida yake, akainua sare ya kwanza ili abane pindo. Doa lilikuwa kifuani, la manjano, kubwa kama kiganja, na lilikuwa linang'aa. La pili lilikuwa kwenye mkono. Sare ya tatu ilikuwa imepata kidogo tu kwenye kola, lakini kwenye nguo nyeupe hakuna kidogo. Chumba kizima kilinuka nanaa.

Bibi alisimama mlangoni na kikombe chake.

"Nilitaka tu ipate joto," alisema.

Mama Kijino hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alitoa pini moja mdomoni, akaibana kwenye kitambaa, akasema kupitia meno, polepole, ili zilizobaki zisimchome: "Mama, naomba. Hiki kitu kisiingie tena humu."

"Kitu," Bibi aliuliza, "au mimi?"

Mama Kijino alikuwa na pini tano midomoni. Akitaka kujibu neno refu, ni lazima azitoe moja moja. Alianza kuzitoa, kwa hasira na kwa hofu ya zahanati, na ilipotoka ya mwisho alikuwa tayari kusema, "Hapana, Mama, si wewe." Lakini pale mlangoni kulikuwa na kikombe tu, kimewekwa juu ya kabati. Kiti cha plastiki kililia huko nje.

Angeweza kumfuata. Mlango ulikuwa hatua chache tu. Alizitazama sare, akazichukua, akaenda kuziloweka.

---

Mpiga rangi alikuwa anachanganya rangi upande wake wa ukuta. Alimwona Bibi, akainua mkono.

"Shikamoo, Bibi. Leo huipigi filimbi?"

"Marahaba. Imeharibu mambo. Na mimi nimeharibu pamoja nayo."

"Wamekugombeza?"

"Hapana. Mkwe wangu ana heshima zake, hajanifokea hata siku moja." Bibi alivuta koti likutane kifuani. "Lakini akufukuzaye hakwambii toka."

Mpiga rangi alikuwa mtu mwema, na watu wema wakikosa maneno hutoa walichonacho. Alitoa pakiti mfukoni, akanyoosha sigara moja juu ya ukuta.

"Moja tu, Bibi, ya kutulizia moyo. Nani atajua?"

Bibi aliitazama. Aliinuka kwenye kiti, akaenda ukutani, akaipokea. Aliinusa kwa urefu wake wote, kutoka ncha hadi ncha, na koo lake likameza mate lenyewe. Mpiga rangi tayari alikuwa amewasha kiberiti, amekikinga upepo kwa viganja viwili vyenye rangi ya kijani.

"Baadaye," Bibi alisema.

"Kiberiti kinaungua, Bibi."

"Kizime. Nimesema baadaye."

Akaitia sigara katika mfuko wa sweta, chini ya koti, akarudi kukaa.

---

Doa la kola lilitoka. La kifuani lilitoka baada ya kusuguliwa mpaka vidole vikawa vyekundu. La mkono lilikataa, na Mama Kijino akaufumua mkono mzima na kukata mwingine kutoka kwenye mabaki ya kitambaa. Muuguzi alipokuja kuchukua mzigo, sare zilikuwa nyeupe na zimenyooka. Alizikagua, akainua moja puani.

"Inanukia nini hii?"

"Sabuni mpya," alisema Mama Kijino, uso ukimwaka.

"Ni nzuri. Wagonjwa watafikiri tumeleta peremende." Muuguzi alicheka, akaanza kufunga mzigo. Kupitia mlango wa jikoni uliokuwa wazi aliona mgongo wa koti la grisi. "Yule si yule bibi yetu wa kifua? Mbona yuko nje na baridi hii?"

"Anapunga hewa," alisema Mama Kijino.

Muuguzi alimtazama, kisha akatazama sare zake. "Aha," alisema. Akabeba mzigo, akaondoka.

Neno lile fupi lilikaa sebuleni. Mama Kijino alijaribu kushona, uzi ukamkatikia mara mbili. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mwanamke mwenye kazi moja nzuri na nyumba ndogo, na mzigo wa mwenzio, wasemavyo wakubwa, ni kanda la usufi. Alijua anadaiwa kitu, na kama mafundi wote alifikiri deni lolote hulipwa kwa ufundi. Akatafuta kipande cha blanketi kuukuu la sufu, akakikata. Akatia bitana ya hariri iliyobaki kwenye gauni la mtu, akaweka kifungo, kifuniko, na kamba laini ya shingoni. Alipima kwa kijiti cha chaki kilicholingana na filimbi. Alishona kwa uangalifu aliokuwa akiuweka kwa wateja wakubwa, mishono midogo isiyoonekana, na alipomaliza alijisikia mwepesi.

Jioni, Fundi aliporudi, Mama Kijino alimpa Bibi kifuko hicho mbele ya wote.

"Mama, hii ni ya filimbi. Unaivaa ndani ya sweta, kifuani. Haitapoa."

Fundi alikigeuza kile kifuko, akakitia kidole. "Hili ni koti! Tena limezidi langu. Mama, jaribu!"

Bibi alikivaa. Alitoka nje, wao wakajaa mlangoni kutazama: Fundi, mkewe, na Kijino kati ya miguu yao. Bibi alikaa kwenye kiti chake, akangoja filimbi ipate joto la kifua chake, akaitoa, akavuta. Taa ya buluu ikawaka ikatulia. Wingu zuri likapanda juu ya uani.

"Inafanya kazi!" Kijino alipiga makofi.

"Imekubali!" alisema Fundi. "Unaona? Ilikuwa inataka joto tu." Akamkumbatia mkewe begani, na mkewe akacheka kwa furaha ya kweli. Upepo ukavuma. "Funga mlango," Fundi alisema, "baridi inaingia." Mkewe akaufunga.

Bibi alibaki nje na filimbi yake iliyokuwa na joto.

---

Siku zilizofuata filimbi ilikuwa mgonjwa aliyepona. Kila mtu aliiulizia hali. Fundi akitoka kazini alisema, "Filimbi imeshindaje?" Mama Kijino alikikagua kifuko kama kamba haikatiki. Kijino alitaka kukishonea mfuko. Bibi alijibu wote kwamba iko salama, haijambo, inawasalimu. Alikuwa ameanza kukohoa, kikohozi kikavu cha chini, akakificha kwa kujikunja ndani ya kola ya koti.

Jumapili mchana walikuwa mezani wanakula. Bibi aliingia akitokea nje, akaketi, akakosa kushika kijiko; vidole vilikuwa vigumu. Alivisugua magotini chini ya meza, akadhani hawakumwona.

"Mama, filimbi yako leo ikoje?" Fundi aliuliza, akijipakulia.

"Ina joto. Ishike." Bibi aliivua shingoni, akaiweka katikati ya meza. Kisha akaweka mkono wake mwenyewe kando ya filimbi. "Na huu nao ushike."

Fundi aliushika, na tabasamu likamtoka usoni.

"Sitaki kumlaumu mtu," Bibi alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi. "Ila nimekaa kule nje nikafikiri, nikaona hii filimbi imenizidi akili. Ikipigwa baridi, inazima. Ikizima, nyumba nzima inakimbia. Huyu anaipeleka dukani, huyu anaishonea koti la hariri. Kosa langu mimi sizimi."

Kijino alitazama uso wa baba yake, kisha wa mama yake, akaacha kutafuna. Fundi alitaka kutazama dari, lakini mkono wa mama yake ulikuwa bado ndani ya wake, na hakuthubutu kuuachia. Mama Kijino alikuwa hana hata pini moja mdomoni siku hiyo, wala hakupata jibu.

"Kuleni," Bibi alisema. "Chakula kinapoa."

---

Jumatatu Mama Kijino hakuwasha pasi mapema. Mumewe alipoondoka na mtoto, aliingia stoo, kile chumba kidogo nyuma ya sebule alimotunza vitambaa. Kilikuwa na dirisha moja la kufunguka nje na mlango uliofunga vizuri. Alitoa majora ya kitambaa cheupe moja moja, akayapeleka chumbani kwake na kuyapanga juu ya kitanda, upande anaolala yeye. Alifagia. Aliburuta humo kiti cha mbao, akasimama akikitazama. Kisha akaenda kwenye cherehani, akachukua mto aliokuwa akiukalia tangu aanze kazi hiyo, akaupigapiga vumbi, akauweka.

Alifungua mlango wa jikoni. Bibi alikuwa pale, amejikunja kwenye plastiki, bado hajaitoa filimbi.

"Mama, njoo ndani."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Njoo tu."

Bibi alimfuata mpaka stoo. Alitazama kuta tupu, dirisha lililofunguliwa kidogo, kiti, mto.

"Huu mto si wako?"

"Ni wa hapo sasa. Uvute humu humu. Moshi utatoka dirishani, mlango tutafunga ili sare zisipate harufu. Na nikimaliza kupiga pasi, nitakuwa nakuletea kitambaa cha moto cha magotini." Alisita. "Mama, siku ile nilikuwa na pini mdomoni. Sikukusudia wewe."

"Nilijua zilikuwa pini," alisema Bibi. "Lakini pini hazikai mdomoni wiki nzima."

"Kweli, Mama. Nisamehe."

Bibi aliketi. Alisikiliza jinsi magoti yanavyoanza kupata uhai. Alitoa filimbi, akavuta mara moja, na wingu likaenda dirishani kwa utaratibu kama lililoagizwa. Mama Kijino alikuwa ameshika kitasa atoke, Bibi alipomwita.

"Ngoja." Akaingiza mkono katika mfuko wa sweta, akatoa sigara, sigara yenyewe ya tumbaku. Ilikuwa imepinda na kulegea, na vijinyuzi vya tumbaku vilikuwa vimeanza kumwagika upande mmoja. "Hii alinipa jirani. Siku ile ya sare."

Mama Kijino aliitazama. "Umekaa nayo siku zote hizi? Na hukuiwasha?"

"Kila asubuhi niliishika. Na kiberiti cha jikoni nilikuwa nacho mfukoni."

"Sasa ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja nione kama mtaniita ndani," alisema Bibi. "Shika. Itupe wewe, mkono wangu bado siuamini."

Mama Kijino aliipokea kwa viganja viwili, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Aliipeleka jikoni, akailowesha chini ya bomba mpaka ikawa ujiuji, akaitupa. Alinawa mikono kwa sabuni, akanusa vidole, akanawa tena. Kisha akarudi kuwasha pasi. Mlango wa stoo ulikuwa ufungwe, yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Aliusogeza hadi karibu na fremu, akauacha hapo, wazi kiasi cha kumsikia Bibi akipumua.